Mti wa Shimba Hills na Chupa za Sokoni

Ukipita masoko ya Malindi na Kilifi siku hizi hukosi chupa ya dawa ya miti inayosifiwa kuzuia saratani, na pembeni yake mafuta ya mwarobaini na liwa ya kuondoa makunyanzi. Kuna wanaozibeza dawa hizi zote, na kuna wanaoapa kuwa hospitali haina haja tena. Wote nawaomba wasikize habari ya mti mmoja wa Shimba Hills, kwa ndugu zetu wa Kwale.

Miaka ya 1970, taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani ilichukua huko zaidi ya tani 27 za mti uitwao Maytenus buchananii. Wadigo walikuwa wakiujua kama dawa tangu zamani. Wamarekani waliitafuta kemikali yake, maytansini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, madhara yalizidi faida, ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye wanasayansi wakaifunga kemikali ya jamii hiyo kwenye kingamwili inayoifikisha ndani ya seli za saratani. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Kadcyla, kwa aina moja ya saratani ya matiti.

Hapa nayaona mambo mawili.

La kwanza, wazee wetu hawakuwa wakibahatisha. Lakini dawa na sumu zilikaa katika mti mmoja, na sufuria ya jikoni haiwezi kuzitenga. Sisi Waislamu tumefunzwa kuwa kila maradhi yana dawa yake. Hatukufunzwa kuacha kupimwa. Mama mwenye kivimbe titini asikae na chupa miezi sita. Aende hospitali mapema, na amwambie daktari anachokunywa, maana kuna miti inayogongana na dawa za hospitali. Na kwa ngozi, adui mkubwa ni jua letu hili. Mtandio, kofia na kivuli hukinga zaidi ya mafuta mengi ya sokoni, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino.

La pili ni haki. Tani zile ziliondoka kabla ya mkataba wa bayoanuwai wa 1992. Leo hatuna udhuru. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinalinda elimu ya jamii kuhusu mimea yao, na sheria ya 2016 inazipa kaunti jukumu la kuisajili. Wawakilishi wetu wa wadi watuambie: daftari la Kilifi limefika wapi? Makaya ya Wamijikenda yaliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, Arabuko-Sokoke iko mlangoni mwetu, na KEMRI imekuwa na kituo cha utafiti hapa Kilifi tangu 1989. Msitu upo, wataalamu wapo, wazee wajuao miti bado wako hai. Wakalishwe meza moja, na yaandikwe makubaliano kabla jani la kwanza halijachumwa. Mzee akifa na elimu yake, hakuna maabara itakayoirudisha.