Kageye na historia tusiyopenda kuisimulia

Likizo za shule zinapokaribia, wazazi wengi wa Ilemela hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto wakajifunze. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, hutajwa kwanza, na ni ziara njema. Wiki hii twaomba ruhusa ya kusogea mbele kidogo, hadi Kageye, katika ufuo wa Ghuba ya Speke, mashariki ya wilaya yetu.

Vitabu vingi vinapoitaja Kageye humtaja Henry Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, akafika Kageye tarehe 27 Februari 1875, akaiunga mashua yake Lady Alice na kulizunguka ziwa. Mwenzake Frederick Barker alifariki hapo na kuzikwa hapo. Yote hayo ni kweli. Lakini mashua ile ilitoka pwani ikiwa vipande vipande, mabegani mwa wapagazi. Msafara ulioanza na watu zaidi ya 300 ulikuwa umepungua sana ulipofika ziwani, kwa maradhi, njaa, mapigano na utoro. Wengi wa watu wale walikuwa Waungwana wa Unguja na Mrima, ndugu zetu katika dini. Nahodha wa mashua aliitwa Wadi Safeni, na mwongozaji wake majini alikuwa Saramba, mwenyeji wa ufuo huu. Ni watoto wangapi wa Mwanza waliowahi kuyasikia majina hayo mawili?

Mpaka hapo msomaji wetu atakubaliana nasi kwa furaha. Ugumu unaanza kwa Songoro.

Songoro alikuwa mfanyabiashara Mswahili, na Stanley alimkuta Kageye. Aliuawa Ukerewe mwishoni mwa 1877, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Kwa hakika ni sehemu ya historia ya Waislamu wa kanda hii. Na bidhaa zake, pamoja na pembe za ndovu, zilikuwa binadamu.

Wapo wanaoona jambo hili lisitajwe katika maeneo ya kumbukumbu, kwa kuwa watoto wetu watazomewa darasani. Hofu hiyo hatuidharau. Mtoto aitwaye Salum hana deni la mtu wa mwaka 1875. Hata hivyo, Sura An-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha kuwa mashahidi waadilifu japo ushahidi utatugeukia sisi wenyewe na jamaa zetu, wala haikuweka mipaka ya miaka. Makumbusho ikieleza kwamba Waislamu walifanya biashara ya watumwa hapa ziwani, tusiiombe ifute. Tuiombe iongeze. Ieleze nani waliokuwa wakiteka na kuuza, wakiwemo watawala wa bara; mikopo ya misafara ilitoka kwa matajiri gani wa Unguja; na pembe zile ziliishia wapi, kwani zilikuwa zikichongwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Kibao kinachomtaja mwenye kilemba peke yake kimepunguza ushahidi, sawa na kisichomtaja kabisa.

Kisha wapo waliouzwa. Hawa ndio wanaosahaulika na pande zote mbili, na wajukuu zao tunaswali nao safu moja. Twayajua majumba ambamo neno la nasaba hiyo hunong'onwa wakati wa posa, na posa ikavunjika. Ni aibu yetu, tena si ya karne ya 19. Kwa sababu hiyo twawasihi watafiti na waongoza wageni: asiandikwe mtu wala ukoo kwa jina bila ridhaa ya wenyewe. Mjukuu wa aliyeuzwa ana haki ya kusimulia, na ana haki ya kunyamaza.

(Twaongeza hili kwa kupita tu. Ujiji na Kwihara kuna makumbusho yenye jina la Livingstone. Abdullah Susi na Chuma, walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wangestahili walau mlango mmoja.)

Kwa familia zilizo na vitu vya kale, iwe chuma cha jahazi, barua ya hati za Kiarabu au msahafu wa babu, kuna la kufanya kabla mgeni hajabisha hodi. Pigeni picha kila kitu. Mketisheni mzee, mrekodini akieleza kilikotoka, kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha yake. Likija ombi la kukipeleka makumbusho, takeni maandishi: jina la mtoaji, ikiwa ni zawadi au azima, muda wake, na nani atakayeandika maelezo ya kibao. Maelezo hayo yasomwe kwanza mbele ya familia. Msahafu uwekwe mahali pa juu, penye staha, na jambo hilo liandikwe katika hati ileile.