Kamera Yako Safarini Roma

Akina mama wapendwa mnaojiandaa kwenda kuhiji Roma, tulipokwenda sisi mwenzetu aliibiwa kamera ndani ya basi namba 64, litokalo stesheni ya Termini kuelekea Vatikani. Hujaa mno, na wezi wa mifukoni hulipenda. Kamera aliinunua kwa fedha za mayai, lakini alichokililia ni picha za mama yake mzee pale Uwanja wa Mtakatifu Petro. Mama huyo tulimzika mwaka uliofuata.

Basi, mkanda wa kamera upite kifuani, mfuko ukae mbele. Kila jioni badilisheni kadi ya picha. Iliyotumika ifichwe kwingine. Betri za akiba za lithiamu bebeni mkononi, kwani hazikubaliwi kwenye masanduku yanayopakiwa chini ya ndege. Na mkitaka kupigwa picha, mpeni kamera mwenzenu wa kundi, si mgeni mwenye tabasamu.