Tuwafunze Vijana Kusoma Matabaka ya Volkano

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, mwalimu wangu alinionyesha kipande cha pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo wengi hulitumia kusugulia visigino, akaniuliza kama nimepata kuliona mahali pake. Nilijibu kwamba sijapata. Jibu hilo halikuwa la kweli. Nilikuwa nimepita mara nyingi katika barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, na mawe hayo yamo katika kingo zake. Niliyatazama nisiyaone, kwa kuwa hapana aliyenifunza kuyaona.

Kasoro hiyo ingali nasi. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuchora volkano, akaandika majina ya sehemu zake zote na kupata alama nzuri. Lakini ukimsimamisha mbele ya ukingo wa barabara ulio karibu na shule yake, hana la kusema. Kwa maoni yangu, somo la volkano halina budi kuanzia kwenye mwamba wenyewe.

Tuchukue mfano wa Rungwe. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita mlima huo ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukarusha angani pumisi na majivu yaliyoanguka juu ya eneo pana. Habari hiyo haikuandikwa na mtu ye yote. Twaijua kwa sababu wataalamu walisimama kwenye kingo na makorongo, wakapima unene wa tabaka na ukubwa wa chembe, mahali baada ya mahali.

Kanuni zao si ngumu. Tabaka lililoanguka kutoka angani hufunika kilima na bonde kwa unene unaokaribia kuwa sawa, na chembe zake za mahali pamoja hulingana kwa ukubwa. Lakini mchanganyiko wa gesi, majivu na mawe uliotiririka juu ya ardhi hujaa zaidi mabondeni, na ndani yake mawe makubwa na unga huchanganyika ovyo. Aghalabu, kadiri tunavyokaribia chanzo cha mlipuko, ndivyo tabaka linavyozidi unene na mawe yanavyozidi ukubwa. Na tukikuta udongo wenye alama za mizizi katikati ya matabaka mawili, twatambua kwamba volkano ilinyamaza muda mrefu, mimea ikaota, kisha ikalipuka tena.

Tabaka hilo la udongo lina fundisho kubwa kuliko yote. Leo wananchi wa Rungwe wanalima chai, migomba na viazi katika udongo wenye rutuba uliotokana na volkano, na milima imetulia. Hata hivyo Mlima Kyejo, jirani ya Rungwe, ulitoa lava mnamo mwaka 1800 hivi, na habari zake zilihifadhiwa katika masimulizi ya wazee wa Kinyakyusa. Kumbukumbu ya wazee hufika miaka mia kadhaa. Ya miamba hufika maelfu. Kijana asiyeweza kuisoma atadhani kwamba mlima ulionyamaza umekufa.

Wako watakaosema kwamba shule hazina fedha wala vyombo. Hoja hiyo ina uzito kwa maabara ya kemia, lakini si kwa ukingo wa barabara. Jembe la kusafishia uso wa ukingo, utepe wa kupimia, daftari na penseli vyatosha. Mwalimu achague ukingo mfupi usioning'inia, ulio mbali na magari, na asiruhusu mwanafunzi achimbe chini yake. Kila mwanafunzi achore anachokiona, apime kila tabaka, ndipo ajaribu kueleza lipi lilitangulia na lilifikaje hapo. Shule mbili au tatu zikilinganisha vipimo vyao, zitaweza kukisia mlipuko ulitokea upande gani.

Shule zilizo mbali na volkano nazo zina miamba yake: ya pwani ina matumbawe, ya Dodoma ina itale. Njia ya kuisoma ni ile ile.

Watungaji wa mitihani nao wana wajibu. Maadamu maswali yanadai majina matupu, walimu watafundisha majina matupu. Liwepo japo swali moja linalomtaka mwanafunzi aeleze ukingo alioupima mwenyewe. Hapo ndipo darasa litakapotoka nje.