Mihogo ya mkimbizi kwenye kiwanja cha watu

Mwezi wa nane unaisha. Hapa Kasongo na Kabambare mvua inarudi mwezi wa tisa, na msimu A unaanza. Ukiuliza upande lini, kila mkulima atakujibu: ngoja udongo ulowane vizuri, mvua ya kwanza hudanganya.

Lakini mama mkimbizi wa ndani anayelima nyuma ya nyumba ya watu hana kalenda hiyo. Anaambiwa: panda lenga-lenga, mihogo hapana. Lenga-lenga ni wiki nne hivi, karanga miezi mitatu. Muhogo unataka karibu mwaka mzima, na mwenye kiwanja anaogopa kwamba aliyeupanda hatatoka tena. Simlaumu, kesi za viwanja tunazijua.

Mimi naona wasemezane sasa, mbele ya chifu wa kijiji na majirani wawili. Mihogo ni ya aliyepanda mpaka aing'oe, udongo unabaki wa mwenyewe. Iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Miti ya matunda iachwe kwanza, hiyo ndiyo inayoleta ugomvi. Sombe itachumwa mapema, mizizi ikiwa bado midogo, na nyumba zote mbili zitakula. Maneno yakivutwa hadi mwezi wa kumi na moja, karanga za msimu A zimeshachelewa.