Kama ni Beta, Waambie Watu wa Foleni

Kuna neno fupi sana kwa teknolojia ambalo linafanya mtu afanye kazi ya bure, apoteze pesa, alafu bado aseme asante. Hilo neno ni beta. Ukiambiwa umechaguliwa kujaribu kitu kabla ya wengine, unajiskia mtu wa maana. Unapiga skrinishoti, unaposti, unangoja wenzako waulize umeipata aje. Lakini beta maana yake ni moja tu: hii programu haijaisha, wenye wameitengeneza wanajua haijaisha, na wanatafuta watu wa kuitumia hivyo hivyo ili waone inakwama wapi.

Mimi sina shida na hiyo. Swali langu ni nani analipa ikikwama. Na mfano wangu hauna mbwembwe hata kidogo: programu ya kusimamia printa.

Najua, ulitaka niongee kuhusu AI. Subiri kidogo. Hakuna mahali utaelewa beta vizuri kama kwa printa, juu printa haidanganyi. Karatasi imetoka ama haijatoka.

Iko hivi. Ukienda maktaba ya chuo, ofisi kubwa, ama duka lenye mashine tano sita, kompyuta yako haiongei na printa moja kwa moja. Faili inaenda kwa seva. Seva inaiweka kwa foleni, inaangalia wewe ni nani, inahesabu kurasa, inakata salio lako, inachagua mashine, alafu inaongea na hiyo mashine kupitia draiva yake. Kila hatua hapo inaweza kuharibika peke yake. Sasa chukua programu yote, uihamishe kwa seva mpya yenye mfumo mpya. Ulichozoea kuona kikifanya kazi jana, leo hakuna anayejua.

Draiva ndio huwa za kwanza kuleta noma. Mwaka wa 2009 Microsoft ilipotoa Windows Server 2008 R2, ilikuwa ya biti 64 pekee. Kama mwenye kutengeneza printa yako hakuwahi kuiandikia draiva ya biti 64, basi printa yako ilikuwa nzima, tona imejaa, rola ziko sawa, lakini hiyo seva haikuwa na lugha ya kuongea nayo. Mashine haijazeeka, ni seva imehama. Hiyo ndio aina ya kitu ambayo majaribio yanafaa kugundua mapema, kabla mtu hajasimama kwa kaunta na pesa mkononi.

Sasa niwaambie chenye niliona.

Niliacha campus mwaka wa pili, na kabla hizi video zianze kunilipa, nilikuwa nafanya kazi kwa duka la kuchapisha karibu na chuo kimoja hapa Nairobi. Mdosi alinunua seva mpya. Kampuni fulani ikamwambia: tunahamisha programu yetu ya kusimamia printa kwa huo mfumo mpya, iko beta, tumia bure miezi sita, ukiona kasoro tuambie. Mdosi akaskia neno bure, hakuskia mengine. Seva ya zamani ilizimwa siku hiyo hiyo. Na ilikuwa wiki ya kusabmit project.

Msichana mmoja akaja na kurasa 62. Shilingi tano kila ukurasa, jumla 310. Akaweka pesa kwa akaunti yake, akatuma faili, salio likakatwa, na printa ikanyamaza. Kwa skrini imeandikwa "imechapishwa". Kwa trei hakuna kitu. Akaniuliza, "Boss, na pesa yangu imeenda wapi?" Sikuwa na jibu. Hiyo programu ilikuwa inakata pesa faili ikifika kwa seva, haingoji karatasi itoke. Mdosi akasema ni beta, vumilieni. Yule dem akalipa mara ya pili kwa duka la mbele, juu saa kumi ofisi ya idara inafungwa na yeye hana muda wa kubishana.

Stima zikapotea usiku. Asubuhi seva ikawaka, ikakumbuka kazi zilizokwama, na project yake yote ikatoka. Kurasa 62, jina, namba ya usajili, namba ya simu, zimelala kwa trei wazi. Mtu yeyote angeokota.

Angalia nani alipata nini hapo. Kampuni ilipata ripoti mbili nzuri sana za kasoro, bure. Mdosi alipata programu, bure. Yule msichana ndiye alijaribu programu kwa kweli, na ndiye pekee hakuulizwa. Hata hakujua kuna kitu kinajaribiwa. Alidhani amekuja tu kuchapisha project.

Hapo ndio msimamo wangu uko: anayebeba hasara ya majaribio lazima awe amekubali kuyabeba. Mwenye duka kutia sahihi hakutoshi. Mtu wa foleni hajatia sahihi popote.

Kuna wenye watasema, sasa tufanye aje, si lazima mtu ajaribu? Kweli kabisa. Na mimi naenda mbali zaidi: tunahitaji majaribio hapa kwetu kuliko wao wanavyofikiria. Mtu ameketi kwa ofisi ambayo stima haijawahi kupotea hawezi kukumbuka kuuliza, je, umeme ukikatika katikati ya ukurasa wa 30, mteja analipia 30 ama 62? Hawezi kufikiria printa ya mtumba ambayo imepitia nchi tatu. Hawezi kujua hapa mtu analipa kwa simu, ujumbe unachelewa, na watu wanane wako nyuma yake. Tukikataa kujaribu, tutaletewa programu iliyokamilika kwa maisha ya watu wengine. Kwa hivyo beta ije. Ije tu na masharti.

Kwanza, seva ya zamani isizimwe. Mpya iwekwe kando na printa moja, ile ya zamani iendelee kuhudumia watu. Mpya ikianguka, kazi inarudi kwa ya zamani na hakuna anayelia. Kuzima ya zamani siku ya kwanza si kujaribu, ni kucheza kamari na siku ya mtu mwingine.

Pili, muda. Usijaribu wiki ya mitihani, wala mwisho wa Juni wakati nchi nzima inakimbizana na ritani za kodi. Na beta iwe na tarehe ya kuisha. Gmail ilibaki na lebo ya beta kuanzia 2004 hadi 2009, miaka mitano, na watu walikuwa wanaitumia kila siku. Kwa Gmail haikuuma sana. Lakini kwa duka dogo, lebo isiyoisha inakuwa kisingizio kisichoisha.

Tatu, majaribio yafanywe na faili za majaribio. Chapisha picha za paka, chapisha kurasa mia tupu zenye namba, si kopi ya kitambulisho cha mtu. Hii si kuogopa bure. Mwaka wa 2021 kulikuwa na tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, kwa ile sehemu ya Windows inayopanga foleni ya printa. Ilikuwa na mamlaka makubwa ndani ya mashine na imewashwa tayari kwa kompyuta nyingi, hadi Microsoft ikabidi itoe marekebisho ya dharura. Mwaka wa 2023 ikawa zamu ya PaperCut, programu ya Australia ya kusimamia printa: wahalifu waliingia kwa seva ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho, bila hata kuwa na neno la siri. Na hizo zilikuwa programu zilizokamilika, zinazouzwa. Sasa fikiria ambayo mwenyewe anakiri haijaisha. Seva ya printa inashika CV yako, barua ya hospitali, mkataba wa nyumba. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu ajue data yake inatumiwa aje na isiwekwe kuliko inavyohitajika. Haijaandika mahali "isipokuwa kama ni beta".

Nne, karatasi ibandikwe kwa kaunta. Maneno machache tu: leo tunajaribu mfumo mpya, ukipoteza kurasa tunakurudishia pesa hapa hapa, na kama una haraka tumia mashine ile ya mwisho. Hiyo karatasi ni shilingi tano. Kama kampuni haiwezi kugharamia kurasa zinazopotea kwa majaribio yake yenyewe, basi inajaribu uvumilivu wetu, si programu.

Tano, na hii ni yetu sisi vijana: anayeandika ripoti alipwe. Usiniambie ni eksposha. Kupata kasoro ni kazi, na kuieleza vizuri ni kazi ngumu zaidi. "Haifanyi" si ripoti. Ripoti ni hivi: nilituma PDF ya kurasa 62 kutoka laptop ya Windows, printa ilikuwa haina karatasi, salio likakatwa 310, skrini ikasema imechapishwa, nikarudia mara tatu na ikafanya vile vile, seva ilipowashwa upya kazi ikatoka. Mhandisi akisoma hiyo, anajua aanzie wapi. Hapo hakuna mtu ameuliza cheti chako cha digrii. Ameuliza kama una macho na subira. Wengi wetu tunao hivyo vitu, ila tunavipeana bure juu tumeambiwa tumechaguliwa.

Na usidharau malalamiko ya mtu wa printa. Karibu 1980, Richard Stallman alikuwa kwa maabara ya AI ya MIT. Printa yao ya zamani alikuwa ameitengenezea programu ya kuwaarifu watu karatasi ikikwama. Ikaja printa mpya ya Xerox, inakwama pia, lakini programu yake ilikuja imefungwa, na alipoomba msimbo wake akanyimwa. Mwaka wa 1983 akatangaza mradi wa GNU, na amesimulia mara nyingi jinsi ile printa ilimfungua macho. Mtu mmoja mwenye kero ya karatasi alikuwa na maoni ya maana, na kuna mtu aliona si lazima amskize. Hiyo tabia bado iko.

Kwa hivyo, siku utaambiwa karibu, jaribu mfumo wetu mpya, uliza maswali matatu kabla ya kusema sawa. Ikikwama, nani analipa? Faili yangu inakaa kwa seva yenu mpaka lini? Na ya zamani bado inafanya kazi? Kama wewe ndiye unajaribu kwa niaba yao, ongeza la nne: mnanilipa ngapi, na inaanza lini? Ni maswali ya kawaida, mtu mwenye nia nzuri atayajibu bila kukasirika.

Wakikosa majibu, chomoa flashi yako uende duka la mbele.