Ndani ya mita ya LUKU kuna kazi ya mtu

Nimekuwa kimya, test zilinibana na boom nalo likakata mapema... tuyaache hayo. Leo nina la moyoni.

Kwetu ni Nassa, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Mdogo wangu yuko form four, hesabu na fizikia anazipenda kuliko ugali. Kasema anataka kuandika programu zinazokaa ndani ya mita na mizani. Nyumba nzima ikacheka. Mzee akauliza, "Hiyo ni kazi au ufundi redio?" Anataka dogo asomee ualimu kama mimi, eti ajira ni ya uhakika (uhakika gani jamani, wakati wenzetu waliomaliza bado wanazunguka na bahasha?).

Mimi niko upande wa dogo.

Chukulia LUKU. Unanunua umeme kwa simu, unapewa tarakimu 20, unabonyeza, taa zinawaka. Mita yenyewe ya kawaida haina mtandao wowote. Zile tarakimu zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako tu, ndiyo maana ukimpa jirani zinamkatalia. Ndani yake kuna na muda, unaohesabiwa kwa dakika tangu 1993, ili namba ya zamani isitumike mara ya pili. Mfumo huu ulianzia Afrika Kusini, na walioubuni waliipa hesabu hiyo nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216. Piga hesabu mwenyewe: karibu miaka 32. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024!

Mnakumbuka mwaka ule TANESCO walivyotuambia tuingize kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20 ndipo umeme wenyewe? Bibi yetu alijua ni matapeli. Kumbe mita ilikuwa inapewa ufunguo mpya, na mwanzo wa hesabu unasogezwa hadi 2014. Programu ya simu ukikosea unatuma toleo jipya usiku huohuo. Ya mita lazima mtu asimame mbele yake abonyeze, nyumba kwa nyumba. Kazi inayotaka umakini wa namna hiyo tunaiitaje ufundi redio?

Na sisi watu wa pamba tunajua mizani inavyoweza kumliza mkulima. Wakala wa Vipimo wanakagua na kubandika stika, sawa. Lakini namba inayosomeka kwenye kioo cha mizani ya kidijitali, kuna mtu aliandika programu yake.

Rumeti wangu anabisha: vifaa vingi vinatoka nje, dogo ataajiriwa na nani? Ana hoja, nafasi hapa ni chache. Ila mashine za EFD, pampu za mafuta, mita, vyote vimejaa nchini, na mwenye kuvielewa hadi ndani ni wa kutafuta kwa tochi. Chache hizo zichukuliwe na nani sasa?

Dogo anataka PCM. Wadau mlioko DIT na CoICT, nitafuteni niwaunganishe naye kabla mzee hajamalizia kikao chake.