Ajira za Madini: Kanuni Zimefungua Mlango, Uzoefu Bado Unatafutwa

Tangu Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Sekta ya Madini zitungwe mwaka 2018, makampuni ya uchimbaji yanawajibika kuwasilisha kwa Tume ya Madini mpango wa kuajiri na kuwafundisha Watanzania, zikiwamo nafasi zilizozoeleka kushikwa na wageni. Kwa kijana anayesomea uhandisi wa migodi au wa uchenjuaji wa madini katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma, huo ni mlango uliofunguliwa. Hata hivyo, kanuni humpa mhitimu nafasi ya kufikiriwa kwanza. Haziwezi kumpa uzoefu.

Na uzoefu katika kazi hii si pambo. Katika mgodi wa chini ya ardhi kama Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, uimara wa mwamba ukikadiriwa vibaya, au hewa safi isipofika handakini, gharama yake ni roho za watu. Miaka minne ya chuo hujenga msingi wa hisabati, fizikia ya miamba na kemia; ukomavu huja baadaye. Ndiyo maana Bodi ya Usajili wa Wahandisi huendesha, tangu mwaka 2003, mpango wa miaka mitatu unaomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Anayeuona mpango huo kuwa ni ucheleweshaji amekosea hesabu.

Tatizo ni mahali pa kuupatia uzoefu huo. Migodi mikubwa ni michache, na macho ya wahitimu wengi yameelekezwa huko huko. Wakati huohuo maduara ya wachimbaji wadogo yametapakaa kuanzia Geita hadi Chunya, na ni nadra kumkuta mhandisi. Mawe husagwa katika makarasha, dhahabu hunaswa kwa zebaki, na sehemu kubwa yake hubaki ndani ya marudio. Marudio hayo huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, ambao huvuna kile ambacho mchimbaji hakujua kuwa anacho. Mvuke wa zebaki nao hubaki kwa mchomaji, ukidhuru ubongo na figo zake, katika nchi ambayo tayari imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti kemikali hiyo.

Mhandisi mmoja wa uchenjuaji akihudumia vikundi kadhaa angeweza kupima marudio, kurekebisha usagaji na kuonesha kwa takwimu kinachopotea. Kinachomzuia si uhaba wa kazi, bali ni kukosekana kwa wa kumlipa mwaka wa kwanza, kabla faida haijaonekana. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi. Vituo hivyo vikipokea wahitimu walio katika mpango wa Bodi, kwa posho inayoeleweka, mchimbaji atapata mtaalamu na mhitimu atapata miaka yake mitatu.